Shemasi Zorobabel na Bidoni ya Meza ya Bwana

Muyisa Zorobabel alikuwa mjinga. Naanza na hilo ili msomaji asihangaike kumtafutia sifa njiani. Ujinga wake ulikuwa wa kupiga pasi suruali na kubeba funguo kiunoni, ujinga unaofika kanisani wa kwanza na kuwahesabia wengine dakika walizochelewa. Nimekaa naye mtaa mmoja kule Mususa, Butembo, miaka yote ya vita vya pili, na sikumbuki siku hata moja aliyosema hajui kitu.

Alizaliwa kwenye vilima vya juu ya Kirumba, kwa watu wanaolima viazi na vitunguu. Akiwa kijana alipanda lori la vitunguu hadi Beni, akapata kazi ya kulinda depo ya kahawa kwenye barabara ya Mavivi. Miaka kumi na sita alifunga mlango jioni na kuufungua asubuhi. Kazi hiyo ilimwingia kichwani, akaamini kwamba kila ubaya wa dunia hii unaingia kupitia mahali ambapo mtu amesahau kufunga. Vita vya kwanza vilipofika, wanajeshi waliokuwa wakikimbia walipita Beni wakipora, wakafika na kwenye depo. Zorobabel akasimama mlangoni akawadai karatasi yenye sahihi ya bwana wake. Hawakumpiga. Walizunguka nyuma, wakabomoa ukuta wa mbao, wakatoka na magunia yote huku yeye bado amesimama mbele analinda kufuli. Kwa miaka alikisimulia kisa hicho kama ushindi, kwa sababu kufuli haikuvunjwa.

Depo ikafa, naye akahamia Butembo na mke wake. Kanisa letu la Mususa likamfanya shemasi kwa sababu mbili tu. Alikuwa na koti jeusi, na hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Hilo la pili alilitangaza kila mahali, msibani, sokoni, kwenye foleni ya maji. Hebu fikiria: nchi ambayo kila mteremko una migomba, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili hajui pombe ina ladha gani, na anajivunia hivyo kama cheo. Wazee wa baraza walimsifu sana. Baadhi yao walikuwa wakitafuna karafuu asubuhi kabla ya kikao, na kila mtu alijua karafuu zile zilikuwa za kazi gani.

Mimi ni Mwalimu Éliakim. Nilifundisha kemia na biolojia katika shule ya sekondari ya kanisa hilohilo. Nasema hivyo mapema, maana baadaye itahitajika.

Vita vya pili vilipoanza tukapata serikali ya waasi, halafu waasi wakagawanyika, kila kundi na mihuri yake. Mwaka 1999 lori moja lililokuwa likienda Beni lilichomwa njiani na watu wenye silaha. Ndani alikuwamo Esdras, msaidizi wa dereva, mume wa Kavira Jokébed. Mwili haukurudi. Jokébed akabaki na watoto wanne na shamba lililoko bondeni, ambako mwanamke mwenye akili hakwenda tena kwa sababu ya watu wa porini. Migomba yake michache ilikuwa nyuma ya nyumba. Basi akafanya alichofanya bibi yake na bibi wa bibi yake, akaanza kutengeneza kasikisi, pombe yetu ya ndizi.

Kazi hiyo nimeitazama mara nyingi na sijawahi kuona maabara yenye nidhamu zaidi. Ndizi zinaivishwa shimoni zikifunikwa majani. Zinamenywa, zinakamuliwa pamoja na nyasi ngumu ndani ya gogo lililochongwa, mpaka maji matamu yajitenge. Yanachujwa, yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, gogo linafunikwa kwa majani ya mgomba na blanketi kuukuu, na halifunuliwi ovyo. Jokébed aliweka sikio juu ya blanketi na kusikiliza povu, kisha akasema zimebaki saa ngapi. Hakukosea. Askari walinunua, mafundi ujenzi walinunua, na watoto wanne walikula.

Aliyepeleka habari hiyo kwa baraza ni nani kama si Zorobabel. Alisimama na koti lake akasema dada yetu anauza ulevi. Baraza likamtenga Jokébed. Maana yake kwetu ni hii: unaruhusiwa kuingia kanisani, lakini unakaa benchi la mwisho karibu na mlango, hushiriki Meza ya Bwana, husimami mbele kwa jambo lolote. Angekuwa mwizi wa mbuzi wangemwombea wiki mbili na kumsamehe.

Alivumilia mwaka na nusu. Halafu binti yake mkubwa, Séphora, akachumbiwa na seremala mmoja kijana, mtu mwema, na ndoa ikapangwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti 2001. Kwetu mchungaji huuliza mbele ya watu wote ni nani anayemleta binti huyu, na kama baba hayupo, mama ndiye anayetembea naye hadi mbele na kujibu. Mama aliyetengwa hawezi. Anatafutiwa mwanamke mwingine asimame mahali pake, na yeye anatazama kutoka mlangoni. Jokébed hakutaka kitu kingine chochote katika dunia hii iliyoharibika ila kutembea hatua zile thelathini na mtoto wake. Alikwenda kwa baraza akaomba arudishwe. Wakamwambia aache pombe kwanza, miezi mitatu, ndipo watafikiri. Akawajibu kwamba watoto wanakula kila siku na baraza linakutana mara moja kwa mwezi. Jibu hilo waliliandika kama kiburi.

Sasa nije kwenye bidoni, lile dumu la plastiki.

Kwenye Meza ya Bwana sisi hatutumii divai. Tulitumia sirafu nyekundu kutoka Uganda, iliyochanganywa na maji yaliyochemshwa. Julai ya mwaka ule barabara ya Kasindi, ya kwenda Uganda, ilifungwa kwa mapigano, sirafu ikaisha mjini, na Jumapili ya Meza ilikuwa inakaribia. Baraza lilikaa saa tatu nzima juu ya jambo hilo, wakati mji mzima unaishi kwa mihogo na hofu. Ndipo Zorobabel akasimama na wazo lake. Atakamua ndizi yeye mwenyewe, kwa mikono ya shemasi, na kanisa litakunywa maji ya ndizi.

Mzee mmoja akauliza kama hayo hayatakuwa kasikisi. Zorobabel akatabasamu tabasamu lile la mtu mwenye funguo. Alieleza kwamba ulevi uko katika unga wa mtama. Wanawake wanatia unga, na unga ndio unaoleta ule uchafu; bila unga ni tunda la Mungu tu. Pia magogo yao yako wazi, yamefunikwa majani, kila kitu kinaingia. Yeye ataweka maji yake katika bidoni safi, iliyofungwa kabisa kabisa, hata hewa isipite. Wote wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyefikiri kumuuliza Jokébed, ambaye angewajibu kwa sentensi moja. Aliyetengwa haulizwi kitu.

Waliniuliza mimi. Mchungaji Ézéchias, mtu mpole aliyetaka kwenda nyumbani, akasema tumsikie mtu wa sayansi.

Ninaijua habari hii kuliko ninavyoijua Biblia. Juu ya ganda la ndizi mbivu, juu ya nyasi za kukamulia, juu ya mikono ya shemasi, inakaa hamira, viumbe vya seli moja ambavyo jicho haliwezi kuviona. Vikiangukia kwenye maji ya sukari, vinakula, na haviulizi kama kuna unga. Kila seli inachukua chembe ya sukari na kuikata vipande viwili, na katika kukata huko inajipatia kiasi kidogo cha kile tunachokiita ATP, yaani nguvu iliyokwisha kutayarishwa, ambayo seli inaweza kuitumia papo hapo kujijenga na kuzaa. Vipimo viwili tu. Kama hewa ipo, kazi inaweza kuendelea: vile vipande vinachomwa taratibu, hatua kwa hatua, mpaka yabaki maji na gesi, na sukari ileile inatoa vipimo karibu thelathini. Hewa isipokuwepo, hakuna pa kuchomea. Seli haifi kwa sababu hiyo. Inabaki na viwili vyake, na ili iweze kukata sukari nyingine inabidi iondoe mabaki yanayoiziba, basi inayageuza kuwa gesi na pombe na kuyatupa nje. Pombe ni taka ya kiumbe kilichofungiwa. Na kwa sababu kinapata kidogo kwa kila chembe, kinakula sukari nyingi mno, haraka haraka, bila kupumzika.

Hayo nilikuwa nikiyafundisha darasa la tano la sekondari kila mwaka, kwa wanafunzi ambao hawakula tangu jana yake, nao waliyaandika kwa kalamu nyekundu: viwili, thelathini. Mtoto yeyote kati yao angeliambia baraza kwamba bidoni iliyofungwa kabisa kabisa ndiyo nyumba ambayo hamira ingejichagulia. Na dawa ilikuwa neno moja: chemsheni. Maji yale yakichemka, hamira inakufa, mnakunywa kwa amani.

Sikulisema. Nafasi ya préfet des études, yaani mkuu wa shule, ilikuwa wazi, na walioteua ni haohao waliokuwa wameketi mbele yangu. Walitaka kusikia ndiyo. Nilijiambia kwamba pengine atakamua Jumamosi, na katika siku moja hakuna kubwa linaloharibika. Nikasema kwamba kisayansi, bila unga na katika chombo kilichofungwa vizuri, yatabaki maji ya ndizi. Wakaandika jina langu kwenye kitabu cha kikao.

Alikamua Jumatano. Bidoni ilikuwa ya manjano, ya lita tano, ameiosha kwa sabuni mara tatu. Chini ya kifuniko aliweka nailoni, juu akakaza mpira wa tairi, akaiweka katika chumba cha mchungaji nyuma ya kanisa, akafunga mlango kwa kufuli. Alitembea siku zote zile akigusa ufunguo mfukoni.

Jumamosi adhuhuri akaniita nikaitazame. Bidoni ilikuwa imevimba tumbo, kitako kimetoka nje, haiwezi hata kusimama sawasawa. Mtu mwingine angeogopa. Zorobabel alikuwa na furaha machoni; alinikumbusha mafuta ya yule mjane wa zamani za nabii, yalivyoongezeka chomboni. Alilegeza mpira kidogo, gesi ikatoka kwa mluzi mrefu, povu likapanda mpaka vidoleni mwake. Alilamba kidole. Akasema imekuwa tamu yenye nguvu kidogo, ndiyo baraka. Harufu ilijaa chumba kizima, ileile ya nyuma ya nyumba ya Jokébed, na yule mtu aliyejivunia pua isiyojua pombe alisimama katikati yake akitabasamu. Akaniuliza lile povu ni la nini. Nikamwambia ni gesi. Hilo lilikuwa kweli, na baada ya kulisema nikaenda nyumbani kula.

Jumapili watu walikuja wachache, maana zilikuwa zimeenea habari za mapigano upande wa Beni. Vikombe vidogo vikapita benchi kwa benchi. Nataka kuzisimulia nyuso zile, kwa sababu sijapata kuona unafiki ukishikwa vizuri namna ile. Mama wa kwanza wa kwaya alipomeza, alitulia ghafla. Mzee wa karafuu alifumba macho na kushusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Vijana walitazamana, kisha wakatazama sakafu. Watu mia moja na hamsini walikuwa na kasikisi mdomoni, na kila mmoja aliijua, na hakuna aliyeweza kusema, kwa sababu kuitambua ladha ni kukiri kwamba unaijua. Hata mchungaji alikunywa, akatazama ndani ya kikombe, akafungua kitabu cha nyimbo kabla ya wakati wake. Mimi nilimeza changu na kujifuta mdomo.

Utaratibu wetu ni kwamba kilichobaki mezani hakimwagwi wala hakirudi nyumbani. Mashemasi wanakimaliza kabla ya baraka. Siku ile zilibaki karibu lita mbili. Wenzake wawili walisema wameshiba, wakamwachia heshima hiyo mwenye bidoni, naye alikuwa amefunga kula tangu Ijumaa kwa ajili ya utakatifu. Alikunywa kikombe baada ya kikombe, wima, kwa uchaji, wakati kwaya inaimba nyimbo mbili. Katika wimbo wa pili alianza kuimba sauti ya nne ambayo haikuwepo kwenye wimbo ule. Halafu machozi. Halafu akajaza kikombe kimoja, akashuka madhabahuni, akaja katikati ya kanisa akishika mabenchi kulia na kushoto, mpaka nyuma, mpaka mlangoni, mpaka mbele ya Jokébed.

"Dada," akamwambia, na kila mtu alisikia. "Kamata. Yesu haiko na baraza."

Katika maisha yake yote hilo ndilo neno pekee la akili nililomsikia akitamka, na ilibidi alewe kwanza. Jokébed hakunyoosha mkono. Alikinusa kikombe kwa mbali, akamtazama kwa huruma ya mtu wa kazi anayeona kazi iliyoharibika.

"Shemasi, hii kitu minayijua," akasema polepole. "Iko na siku ine. Rudisha kule mbele, nitakunywa siku yenye batanirudishia."

Zorobabel akaketi sakafuni, pale pale miguuni pake. Mchungaji akatoa baraka kwa haraka ya ajabu na kutangaza kwamba shemasi wetu ana malaria. Watu wanne wakambeba hadi kwake, na njiani alikuwa anawasalimu askari wa kizuizini kwa majina ya mitume.

Baada ya ibada Jokébed alinifuata kwenye njia ya nyumbani. Hakulalamika. Aliniambia anajua baraza litakaa, na anajua nani ataulizwa. Kama kanisa lote limekunywa kitu kilekile anachotengeneza yeye, basi ama watengwe wote, ama arudi. Kulikuwa kumebaki wiki tano tu. "Useme tu kweli, Mwalimu," akaniambia. "Siombe kingine." Nikamwambia nitasema. Nakumbuka hata nilivyomshika mkono.

Baraza lilikaa Jumatatu. Sijaona watu wazima wakiogopa jibu namna ile. Mchungaji aliuliza huku akitazama dirisha: mtu wa sayansi atueleze, ile ilikuwa nini? Kabla ya kujibu nilizitazama nyuso zao moja moja. Mzee wa karafuu aliniangalia kama ananiomba maji ya kunywa. Nikasema kwamba maji ya ndizi yalikuwa yamechachuka kidogo kwa joto, jambo la kawaida, na kwamba mtu aliyefunga siku mbili, mwenye malaria, aliyemeza kinini, anaweza kuonyesha dalili kama zile. Zorobabel hakuwa amemeza kinini. Hakuna aliyeuliza. Walishukuru, waliomba, wakaenda zao, na ombi la Jokébed halikutajwa.

Ningeishia hapa, tungekuwa tumecheka, na shemasi angebaki na ujinga wake na sisi na unafiki wetu. Lakini siku tisa baadaye, saa sita mchana, Zorobabel alikuja kwangu. Hakuvaa koti. Alikataa kiti, akasimama karibu na mlango, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea viti vya mbele lilikuwa la kushangaza.

"Mwalimu, mimi siko mutu ya masomo," akasema. "Yule mama alisema iko na siku ine. Njo vile ilikuwa, nilikamuaka siku ya tatu, ile Jumatano. Alijua namna gani, kama haiko kazi yake?"

Akaendelea, akitazama mikono yake. Alisema kichwa kilimuuma siku mbili, na si kichwa cha malaria, malaria anaijua. Alisema mke wake alinusa shati lake na kunyamaza.

"Unambie tu. Ilikuwa pombe ao hapana? Kama ilikuwa pombe, minasimama mbele ya kanisa siku ya yenga, wakati ya ibada, minasema ni mimi niliileta. Banitenge. Na yule mama arudie mbele ya ndoa, juu batamutenga namna gani, sisi bote tulikunywa?"

Nilimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Mtu aliyejenga jina lake lote juu ya kitu kimoja, kwamba hakuwahi kuonja, alikuwa amesimama nyumbani kwangu tayari kulivunja kwa mkono wake, akingoja neno kutoka kwa mwenye kujua. Na neno hilo nilikuwa nalo. Hata nusu saa ya kumweleza kuhusu vipimo viwili na thelathini isingehitajika. Ndiyo moja ilitosha. Lakini kwenye kitabu cha kikao lilikuwa jina langu, mara mbili, na uteuzi ulikuwa wiki ijayo.

"Haikuwa pombe, Shemasi," nikamwambia. "Ilikuwa malaria."

Nilitegemea afurahi. Yeye akapangusa paji la uso.

"Donc yule mama anabaki inje."

Nikasema hilo ni jambo la baraza. Akaniambia wasingya, asante ya kwetu, akaenda. Aliniamini kabisa, kwa sababu mimi nilisoma. Aliniamini mpaka alipokufa kwa figo mwaka 2003, na kwenye maziko yake walisema ni mtu aliyeondoka duniani bila kuijua pombe, na waliosema hivyo walikuwa wamekunywa naye.

Wiki iliyofuata nikawa préfet des études. Nilipewa ofisi yenye meza na muhuri. Nimeitwa Mwalimu tangu nina miaka ishirini na mitatu, na katika mtaa wote ule mtu pekee aliyewahi kuja kwangu kutafuta ukweli bila faida yake mwenyewe ni yule ninayemwita mjinga tangu mstari wa kwanza wa karatasi hii. Namwita hivyo bado. Kwangu mimi sijapata jina linalotosha.

Ndoa ilifungwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, kama ilivyopangwa. Siku ile mji ulikuwa kimya, na kanisa lilijaa. Mchungaji aliuliza ni nani anayemleta binti huyu, na mke wa mchungaji, mwanamke mzuri aliyekuwa amemwona Séphora mara tatu au nne, akasema ni mimi. Séphora aligeuka akatazama nyuma. Watu wote wakageuka naye. Jokébed alikuwa kwenye benchi lake karibu na mlango, amevaa kitenge kipya ambacho alikishonesha Julai, baada ya mimi kumshika mkono. Alimwonyesha binti yake kwa kidevu atazame mbele.

Wakati wa kutoka ilibidi wote tupite mlangoni, yaani mbele yake. Nilijitayarisha kwa neno lolote. Nilikuwa nimepanga hata majibu. Foleni ikasogea, nikafika, naye akanipa mkono.

"Jambo, Mwalimu," akasema. "Batoto ya masomo beko muzuri?"

Nikajibu beko muzuri. Akaitikia kwa kichwa, bila hasira, kwa adabu ya kumsalimu mtu usiyemtegemea kwa lolote, kisha akampa mkono aliyekuwa nyuma yangu.